Elimu ya Afya Imfikie Anayeshinda na Mtoto

Katika maradhi yanayowaua watoto wa chini ya umri wa miaka 5, hakuna yanayopaswa kuwatia watu wazima aibu kama kuharisha. Dawa yake kuu ni maji, chumvi na sukari, na ni nadra kupata kijiji kilicho mbali kiasi cha kukosa vitu hivyo vitatu. Mara nyingi mtoto anayeharisha huuawa na ukavu wa mwili. Maji na chumvi humtoka upesi kuliko anavyorudishiwa, macho hudidimia, mkojo hukatika, nguvu humwishia, na jambo lililoanza alfajiri laweza kuwa msiba kabla ya jua la siku ya pili kuchwa.

Ni kweli kwamba nchi imepiga hatua, na ni haki hatua hiyo itajwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 uliona kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa mwaka 2022 uliona 43. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuharisha kwa watoto wachanga, imekuwa ikitolewa katika kliniki za Tanzania tangu mwaka 2013. Hata hivyo 43 katika 1,000 si hesabu ya kupongezana. Katika shule ya msingi yenye watoto 1,000, hayo ni madawati ya darasa zima yaliyokaa matupu.

Ukimwuliza mtumishi yeyote wa afya kama elimu ya kuharisha hutolewa, atajibu kwamba hutolewa, na atakuwa anasema kweli. Mabango yamebandikwa ukutani katika zahanati. Siku ya kliniki muuguzi husimama mbele ya akina mama waliojaa mabenchi, naye hutoa somo huku nusu ya watoto wakilia kwa sababu ya sindano na nusu wakilia kwa njaa. Mama husikia anachoweza kusikia, kadi huandikwa uzito, kisha hurudi nyumbani. Kesho yake mama huyo huenda shambani, sokoni, ofisini au darasani. Mtoto huachwa na bibi yake, au na dada yake ambaye mwenyewe bado ni mtoto, au na yaya. Saa 5 asubuhi tumbo la mtoto linapoanza kuendesha, mganga wa kwanza ni mtu ambaye hakuitwa kliniki hata siku moja.

Watumishi wa umma na walimu wasidhani kuwa habari hii ni ya wakulima peke yao. Kwa hakika inawahusu wao kuliko wengi. Mama mkulima mara nyingi humfunga mtoto mgongoni akaenda naye. Karani na mwalimu hawawezi. Yaya aliyeletwa kutoka kijijini huonyeshwa jiko, pasi, nguo za kufua na funguo za geti. Huonyeshwa hata namna ya kuwasha televisheni. Pakiti ya ORS iliyo kabatini haonyeshwi, na pengine hajui kuwa ipo. Watu hawa hawa ndio wanaokwenda vijijini kuhutubia juu ya afya ya mtoto.

Yafaa pia sheria za kazi zitazamwe bila haya. Wataalamu hushauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, pasipo chakula wala kinywaji kingine, ila dawa anayoandikiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84. Miezi 6 ni siku 180 na ushei. Katika zile siku zinazobaki ndipo chupa ya uji au ya maziwa ya ng'ombe inapoingia nyumbani, na chupa isiyosafishwa vyema ni mlango mpana wa kuharisha. Sheria hiyo hiyo humtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kila siku ili akanyonyeshe. Ni wakuu wangapi wa idara, na walimu wakuu wangapi, wanaomwambia mama aliyerudi kazini kwamba anayo haki hiyo, kabla hajaiomba kwa woga?

Lakini hata haki hiyo ikitimizwa, bado mtoto atashinda sehemu kubwa ya mchana mikononi mwa mwingine. Huyo mwingine anaweza kufundishwa, na ushahidi wa jambo hilo una zaidi ya miaka 50. Mwaka 1971 wakimbizi waliotoroka vita vya Bangladesh walijazana katika kambi ya Bangaon nchini India, kipindupindu kikazuka, na maji ya dripu yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, alipoona watu wanakufa sakafuni, aliamuru chumvi na sukari zichanganywe katika maji na wagonjwa wanyweshwe. Wauguzi hawakutosha. Walionywesha ni mama, baba, na ndugu waliokuwa wamekaa kando ya wagonjwa, wakichota kwa vikombe. Vifo ambavyo vilikuwa vimefika karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hata chini ya 4. Wataalamu walikwisha kugundua siri yenyewe kabla ya hapo: sukari husaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na chumvi huvuta maji kuyaingiza mwilini, hata wakati ambapo mtu anaharisha. Kilichoongezwa pale Bangaon ni uthibitisho kwamba mtu asiye mganga aweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono wake.

Bangladesh yenyewe ililichukua somo hilo ikalipeleka nyumba kwa nyumba. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wanawake waliofunzwa na shirika la BRAC waliingia katika nyumba zaidi ya milioni 12, wakamfundisha mama kuchota chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa gao la mkono. Jambo la kuigwa zaidi ni namna walivyolipwa. Mkaguzi alirudi baadaye katika baadhi ya nyumba, akamwuliza mama alichokumbuka, na maji aliyoyachanganya mama yakapimwa maabara. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu wake alilipwa vizuri. Mama akisahau, malipo yalipungua. Hapakuwa na nafasi ya mtu kuandika katika ripoti kwamba elimu imetolewa kwa wananchi kadhaa, kisha akaenda zake.

Hata hivyo mwanzoni akina mama wengi walijua dawa lakini hawakuitumia. Ulipofanywa uchunguzi ikaonekana kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa waliyoifundisha, na kwamba wanaume, ambao ndio waliokuwa na kauli nyumbani, walikuwa wameachwa nje. Walimu wakafunzwa upya, na wanaume wakafuatwa misikitini na masokoni.

Tanzania nayo haikosi mifano yake, wala haina haja ya kwenda ng'ambo kujifunza kila kitu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma kwa muda wa wiki 12. Walisikiliza redio, kiongozi wa kikundi akasoma kitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, nao wakatoka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka 10 baadaye, mkoani Iringa, mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168 uliweka siku ya kupima watoto palepale kijijini, na hali ya watoto ikajadiliwa na halmashauri ya kijiji kama vile ilivyojadili mahindi na barabara. Katika yote mawili, habari haikuhesabiwa kuwa imefika mpaka kitu kionekane kimefanyika. Ni ajabu kwamba katika miaka hii ya simu za mkononi, kipimo cha elimu ya afya mara nyingi kimerudi kuwa idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa.

Basi ni nini hasa ambacho bibi, yaya au dada mkubwa anapaswa kukiweza? Awali ya yote, aweze kuchanganya. Kosa la kawaida ni kumimina pakiti nzima katika bilauri moja, au kuigawa pakiti ili ichanganywe kidogo kidogo. Pakiti zilizozoeleka ni za maji ya lita 1, nayo yawe safi na salama. Chupa mbili za nusu lita zinatosha kuwa kipimo. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji hutiwa vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, wala visiwe vya kujaza kichuguu. Chumvi ikizidi, dawa hugeuka kuwa sumu kwa mtoto.

Kisha aweze kunywesha. Kila mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 hupewa robo kikombe hadi nusu kikombe, na mkubwa wake nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtoto mdogo hunyweshwa kwa kijiko, polepole, kwa uvumilivu. Akitapika, mlezi asubiri dakika 10 kisha aanze tena taratibu zaidi. Maziwa ya mama yaendelee, na chakula kiendelee kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Mwisho ajue dalili za kutosubiri: mtoto kushindwa kunywa au kutapika kila anachopewa, kulegea na kuwa mzito wa kuamka, macho kudidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa kurudi polepole, kinyesi kuwa na damu. Hapo hakuna kungoja mama atoke kazini. Mtoto apelekwe zahanati, naye aendelee kunyweshwa njiani ikiwa anaweza kunywa.

Kuna wazee wanaoamini kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji, kwani kila aingizacho hukitoa. Kuna wanaodhani kuharisha na homa vinatokana na meno ya plastiki, na mtoto mchanga hupelekwa kwa mtu akachokolewa ufizi kwa chombo kichafu, akapata jeraha na ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Kuna pia wasomi wanaokimbilia duka la dawa kununua Flagyl kwa kila tumbo linaloendesha, nao hujiona wameelimika kuliko wale wa meno ya plastiki. Tofauti kati yao si kubwa kama wanavyodhani. Kumtukana bibi kwa imani yake hakujapata kumwokoa mtoto. Bibi ameona watoto wakiharisha wakati wa kuota meno, akaunganisha mambo mawili yaliyofuatana. Anayetaka kumwondoa katika imani hiyo amweleze kwamba umri wa kuota meno ndio huo huo ambao mtoto hutambaa, huokota kila kitu na kukitia kinywani, na huanza kula vyakula vilivyoshikwa na mikono mingi. Maelezo ya namna hiyo bibi huyaelewa, maana ayasemayo mwalimu ameyaona mwenyewe uani.

Akina baba nao watoke kivulini. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayetoa nauli ya kwenda hospitali, naye ndiye anayeamua kama mtoto apelekwe leo au kesho. Baba asiyejua dalili za hatari husema kesho.

Walimu wanayo nafasi ambayo zahanati haina. Kikao cha wazazi huitishwa katika kila shule, na mara nyingi wanaohudhuria ni hao hao mabibi, wajomba na dada wakubwa ambao kliniki haiwaoni. Mwalimu mkuu na aweke mezani chupa ya lita moja, kijiko cha chai, bakuli la sukari, chumvi na pakiti, amwite bibi mmoja na msichana mmoja wachanganye mbele ya kikao, na wanaokosea wasahihishwe palepale bila kuchekwa. Kazi hiyo haizidi robo saa. Watumishi wa serikali wafanye hivyo hivyo jikoni kwao jioni moja, yaya akiwa ndiye mchanganyaji na wao wakiwa watazamaji. Na zahanati, zinapoandika uzito na chanjo katika kadi ya mtoto, ziandike pia jina la mtu anayeshinda naye mchana, na mahudhurio yanayofuata mtu huyo aje pamoja na mama.