Kiswahili na Sayansi ya Ute

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kubeba sayansi ya kina. Hebu tuipime hoja hiyo kwa mfano mgumu, tukimfikiria mwanafunzi wa Balambala, kaunti ya Garissa, ambaye huingia darasa la fizikia na Kisomali cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni, kisha akafundishwa kwa Kiingereza.

Mto Tana unapofurika, maji yake huvurugika. Mto ni mpana na kasi ni kubwa, hata mnato wa maji hauwezi kuituliza mikondo. Osborne Reynolds aliichunguza kanuni hiyo mwaka 1883. Yapitishe maji hayo hayo katika kijifereji chembamba kama unywele, nayo yatatiririka kwa utulivu, kila mkondo na njia yake.

Lakini tia humo kiowevu chenye molekuli ndefu mithili ya nyuzi. Hicho kina mnato na pia kina unyumbufu: huvutika kisha hujirudi, kama ute wa bamia. Penye kona, nyuzi hizo hunyooshwa na kukivuta kiowevu kuelekea upande wa ndani. Mvuto ukizidi kiasi, mtiririko hupoteza uthabiti na kuvurugika, ijapokuwa mwendo ni wa polepole. Mwaka 2000 Alexander Groisman na Victor Steinberg walionyesha kwamba mvurugiko wa aina hii hauhitaji kasi kubwa. Manufaa yake ni kuchanganya viowevu katika vijifereji vya vipimo vya maabara, ambamo mtiririko mtulivu huchelewesha kazi hiyo.

Je, ni neno gani lililotupungukia? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Aidha, mzizi wa unyumbufu ndio ule ule autumiao mwalimu wa Kiswahili afundishapo mnyumbuliko wa vitenzi.

Hatusemi Kiingereza kitupwe; mitihani na majarida ya dunia yangali yakikihitaji. Tusemalo ni kwamba dhana itangulie, istilahi ya kigeni ifuate. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo ukiishia mlangoni mwa maabara, mwanafunzi wa Balambala atakariri asichokielewa, nasi tutamwita mzito wa akili ilhali tulimnyima lugha ya kufikiria.