Kibao Chetu Kisiwe Mikononi mwa Dalali

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi mafundi wa Katwe, hapa Kampala, tuliishika methali hiyo kwa miaka mingi. Mlango wa chuma uliochomelewa vizuri, ukisimamishwa kando ya barabara, ulimleta mteja wenyewe. Lakini leo wateja wengi hawapiti tena barabarani wakitazama. Mteja yuko nyumbani kwake Mukono au Entebbe, anaandika katika simu kwamba anatafuta fundi wa milango aliye karibu, na simu inamwonyesha ramani na majina machache. Fundi asiyekuwamo katika majina hayo ni kama hayupo, hata kama kazi yake inawapita wote.

Ndugu wanachama, jambo hili si la wenye maduka makubwa peke yao. Ni suala la riziki yetu. Tena ni suala ambalo wanyonyaji wameliona kabla yetu.

Tunaye mwenzetu, fundi wa milango na madirisha, aliyejiwa na kijana mmoja mwenye maneno matamu. Kijana aliahidi kumweka "namba moja" katika ramani ya Google kwa malipo ya kila mwezi. Kweli jina la karakana likaonekana, na simu zikaanza kulia. Baada ya muda mwenzetu alishindwa kulipa mwezi mmoja. Mara namba ya simu iliyokuwa katika ramani ikabadilishwa, ikawekwa ya fundi mwingine. Alipolalamika, aliambiwa kwamba ukurasa ule ulisajiliwa kwa barua pepe ya dalali, kwa hiyo si wake. Jina lake, picha za kazi yake, sifa alizopewa na wateja wake, vyote vikawa mali ya mtu asiyejua hata kushika mashine ya kuchomelea.

Huu ni unyonyaji ule ule wa zamani uliovaa shati jipya. Basi yafaa kila mwanachama aujue ukweli.

Kwanza, kuandikisha biashara katika ramani hiyo ni bure. Huduma yenyewe huitwa Google Business Profile. Pili, nafasi ya juu katika majina ya kawaida hainunuliwi. Kampuni yenyewe imeandika wazi kwamba hapana njia ya kulipa ili upandishwe. Yapo matangazo ya kulipia, lakini hayo huwekwa alama kuwa ni matangazo. Kwa hiyo anayekuuzia "namba moja" anakuuzia kitu ambacho hana.

Mambo yanayotazamwa ni matatu: kama kazi yako inalingana na kile mteja anachotafuta, umbali kati yako na yeye, na jinsi unavyojulikana. Umbali huwezi kuubadili. Hayo mengine mawili yako mikononi mwako. Chagua aina sahihi ya kazi. Andika saa za kufungua na namba ya simu inayopokelewa. Eleza kazi zako kwa maneno ambayo wateja huyatumia, yawe ya Kiingereza, Kiganda au Kiswahili. Weka picha za kazi uliyoifanya mwenyewe. Mteja akiridhika, mwombe aandike maoni yake, nawe umjibu kwa adabu, hata yule aliyelalamika. Usinunue maoni ya uongo wala usirundike maneno ya ziada katika jina la biashara. Yote mawili yamekatazwa, na ukurasa waweza kusimamishwa.

Wapo watakaosema: sisi hatuna namba ya nyumba wala jina la mtaa. Hilo si kizuizi. Alama huwekwa juu ya ramani pale pale karakana ilipo. Fundi anayewafuata wateja majumbani huficha anwani yake na kutaja maeneo anayohudumia. Katika kuthibitisha biashara, mara nyingi huombwa video fupi inayoonyesha mahali, kibao na zana za kazi. Vitu hivyo Katwe vimejaa.

Lakini tusidanganyike kwamba ramani ya kampuni ya kigeni ni shamba letu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na wachuuzi waliokuwa na wateja wao huko peke yake walipotezana nao. Machi 2024 Google yenyewe ilizima tovuti ndogo za bure ilizokuwa imewapa wenye biashara. Serikali nayo ilikwisha kutia mkono mfukoni mwetu: tangu Julai 2018 kila aliyetumia WhatsApp na mitandao ya namna hiyo alitozwa shilingi 200 kwa siku. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2021, mahali pake iliwekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Kwa hiyo daftari lenye majina na simu za wateja lisitupwe. Daftari hilo hakuna awezaye kulizima.

Basi tunasema hivi. Kila tawi la chama lichague vijana wawili wanaoijua kazi hii, wawasajili wanachama kwa zamu, bila malipo ya dalali. Barua pepe na neno la siri viwe vya mwenye karakana mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Msaidizi apewe ruhusa ya usimamizi tu, ambayo mwenye mali anaweza kuiondoa wakati wowote. Na wale ambao kurasa zao ziko mikononi mwa wengine wasikae kimya: Google inayo njia ya kuomba umiliki, na tawi liwasaidie kuifuata mpaka mwisho.

Kibao kilichokuwa juu ya mlango wa karakana tulikipaka rangi wenyewe, na hapana aliyetutoza kodi ya kukitazama. Kibao cha leo kimo ndani ya simu, lakini jina lililoandikwa juu yake bado ni letu. Tulishike.