Viwanja vya Likunja Vipimwe Kabla Ardhi Haijapanda Bei

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Wilaya ya Ruangwa ina watu 131,080. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ikakuta wamevuka 185,000. Katika miaka hii hii ujenzi wa lami umeanza kwenye barabara ya Nanganga hadi Ruangwa, yenye urefu wa kilomita 53.2, wawekezaji wa madini ya kinywe wameingia, na mji wa Ruangwa umeanza kujinyoosha kuelekea kata zinazouzunguka. Watu wanapoongezeka na lami inapofika, ardhi hupanda bei, na ardhi ikipanda bei, eneo la kwanza kuliwa ni lile lisilo na mwenyewe anayelala juu yake, yaani uwanja wa kijiji. Ndiyo maana nasema vijiji vya kata ya Likunja, na vya kata jirani za Ruangwa na Nachingwea, vitenge sasa ekari tatu kila kimoja kwa ajili ya michezo na mapumziko. Ekari hizo zipimwe, zichorwe na ziandikwe katika daftari la ardhi ya kijiji, wakati bado hazijamgharimu mtu chochote cha maana.

Mapumziko ya vijiji vya huku hayaonekani katika vitabu vya utalii, lakini ni ya kila siku na yana utaratibu wake. Jua likishapoa, vijana hukusanyika uwanjani. Magoli ni miti mitatu iliyokatwa porini, na mwamba wa juu mara nyingi umepinda katikati. Mistari huchorwa kwa majivu kukiwa na mechi ya maana, na siku nyingine kila mtu anaijua kwa macho. Wadogo hawaruhusiwi humo, hivyo hucheza chandimu pembeni kwa mpira wa matambara na mifuko uliofungwa kamba, na wasichana hucheza rede kwenye kipande kilichobaki. Chini ya mwembe wazee wako kwenye bao la kete, na jirani yao drafti inachezwa kwa vizibo vya soda, upande mmoja umevigeuza chali ili visichanganyike na vya mpinzani. Msimu wa korosho unapomalizika na fedha zimeingia mikononi, huanza mashindano ya ndondo ambayo mshindi huondoka na mbuzi au seti ya jezi, na vijiji vitatu vinne huja kushangilia. Hayo yote yanategemea kitu kimoja ambacho hakuna anayekifikiria mpaka kitoweke: ardhi tambarare, wazi, isiyo ya mtu.

Udhaifu wa uwanja wa aina hii ni kwamba unalindwa na mazoea tu. Vijiji vingi vya Kusini vilipangwa upya enzi za ujamaa, miaka ya 1970, na mara nyingi uwanja uliwekwa jirani na shule na ofisi bila mtu kuuandikia karatasi. Waliokuwepo siku hiyo wanazeeka na kufa, na kumbukumbu ya mpaka inakwenda nao. Kinachofuata kinajulikana. Kibanda cha chipsi huanza kwenye kona. Halafu hutakiwa mahali pa mnara wa simu, na uwanja unaonekana unafaa kwa kuwa hauhitaji fidia. Mwaka unaofuata yanaongezwa madarasa mawili, na ni vigumu kusimama mkutanoni kuyapinga madarasa. Hakuna aliyeamua kuua uwanja, ila kila mmoja aliuchukulia kipande chake kwa sababu iliyoonekana nzuri, na mwishowe goli moja limekuwa ndani ya ua wa mtu.

Anayetaka kuona mwisho wa safari hii atazame pwani yenyewe. Dar es Salaam ina kilomita nyingi za fukwe, tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hata hivyo, ukitoka Msasani kupita Mbezi Beach hadi Kunduchi, sehemu kubwa ya bahari iko nyuma ya kuta za hoteli na nyumba za watu, na mwananchi wa kawaida anayetaka kukanyaga mchanga hutafuta kichochoro. Coco Beach, mahali ambapo familia zisizo na fedha huenda Jumapili kula mihogo ya kukaanga na kuwatazama watoto wakicheza na mawimbi, ilibishaniwa umiliki wake hadi mahakamani. Jiji lililokuwa na ufukwe wa bure kwa vizazi limelazimika kuhangaikia kipande kimoja kibaki cha umma. Likunja haina bahari, lakini inakoelekea ni huko huko: mji unakua, ardhi inapata thamani, na kila ambacho hakikuandikwa kinahesabiwa kuwa hakina mwenyewe.

Tofauti ni kwamba kijiji kina silaha ambayo mtaa wa mjini hauna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kupendekeza ni maeneo gani yatengwe kwa matumizi ya wote, na inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kuyapitisha. Yakishapitishwa huingizwa katika daftari la ardhi ya jumuiya, na kuanzia hapo halmashauri haiwezi kumgawia mtu binafsi kipande chake. Mpango wa matumizi bora ya ardhi, chini ya sheria ya mwaka 2007, unaweza kuyaonyesha maeneo hayo kwenye ramani. Na kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Watunga sheria hawakuiona michezo kuwa ziada ya kumpa mtoto akishashiba. Lakini sheria hizi haziulindi uwanja ambao kijiji hakijauorodhesha. Kijiji kikishamezwa na mji na ardhi yake kuwa ya mji, nafasi ya kutumia mamlaka ya mkutano mkuu inakuwa imepita.

Wapo watakaoniambia kwamba hofu hii ni ya watu wa Dar es Salaam, kwa kuwa Ruangwa na Nachingwea zina mapori tele na mtoto hakosi pa kukimbilia. Pori lipo, ni kweli. Lakini pori si uwanja. Lina visiki, nyasi ndefu na nyoka, na liko mbali na macho ya wazazi. Mtoto wa miaka saba hatumwi kilomita mbili kwenda kucheza. Anacheza anakoweza kusikia akiitwa, na huko ndiko wanakojenga watu. Tena hata hilo pori linapungua, maana mikorosho na ufuta vinalisogelea kila msimu. Uwanja wenye faida ni ule ulio katikati ya makazi, na katikati ya makazi ndiko ardhi inakopanda bei kwanza.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya anayesema tuanze na maji, zahanati na madarasa, michezo itafuata. Ninaiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka kwa watu wanaobeba ndoo. Ila tuangalie gharama kwa hesabu za hapa hapa. Uwanja kamili wa mpira wa miguu, mita 105 kwa 68, haufiki ekari mbili. Uwanja wa netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, ni kipande kidogo sana cha ekari moja. Ekari tatu zinatosha vyote viwili na kubakiza nafasi ya watoto wadogo na kivuli cha miembe kwa wacheza bao. Ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kama wataalamu wanavyoshauri, ekari tatu ni mikorosho themanini na kidogo, shamba la kawaida la familia moja. Hilo ndilo tunaloombwa kuliweka kando kwa ajili ya kijiji kizima. Halichukui senti kutoka mfuko wa maji. Kutenga ardhi ni uamuzi wa kikao, na gharama yake kubwa ni ile ya kuchelewa, kwa sababu kijiji kitakachotaka ekari hizo baada ya lami kitalazimika kuzilipia fidia. Hapo ndipo michezo itakaposhindana kweli na zahanati, na itashindwa.

Wengine wataelekeza kidole Ruangwa mjini, kwenye Uwanja wa Majaliwa, uliopewa jina la Kassim Majaliwa, aliyeiwakilisha Ruangwa bungeni kuanzia 2010 hadi 2025 na kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015. Mafanikio ya Namungo FC hayana ubishi. Timu yenye jina la machimbo ya dhahabu ya wilayani ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, mwaka huo huo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba, na msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kusini kulipata sababu ya kujivuna, na ilistahili. Lakini uwanja huo ni wa kutazamia. Siku ya mechi ni wachezaji 22 wanaokimbia, na maelfu wamekaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na dakika hizo haziwezi kupatikana kwa kukata tiketi ya mechi za ligi. Viwanja vya shule navyo vinasaidia, ila vinafungwa likizo katika shule zenye uzio, na ndivyo vinavyojengwa madarasa mapya idadi ya wanafunzi inapoongezeka. Shule isiwe mlinzi pekee wa michezo ya kijiji.

Hapa nataka kukaa kidogo kwa wasichana, kwa kuwa mijadala ya viwanja huwasahau. Jioni, saa ile ile ambayo kaka zao wako uwanjani, wao wako kisimani au jikoni. Wakipata nafasi, wanakuta uwanja mzima umeshikwa na mpira wa miguu, na wanabanwa pembeni pasipo na mistari wala nguzo. Haishangazi kwamba wengi huacha kucheza wakishamaliza shule. Kutenga eneo la netiboli lenye mpaka wake, na kuandika katika kanuni za kijiji siku na saa ambazo ni lao, ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Bila hivyo tutakuwa tumelinda uwanja wa nusu ya watoto wetu.

Kuna na wasiwasi wa kimaadili, ambao wazazi wengi wanao kwa dhati: kwamba mahali pa starehe huzaa uzembe, ulevi na ngoma za kukesha. Ukitazama vizuri, kukosekana kwa uwanja ndiko kunakoyaleta hayo. Kijana asiye na pa kwenda jioni hakai nyumbani akisoma. Huenda kibanda umiza kutazama ligi ya Uingereza kwa kiingilio, na mfukoni ana mkeka wa kubeti. Huko pombe iko jirani, na dada yake haingii. Uwanja wa wazi ni wa bure, unaonekana na kila mpita njia, wazee wake wako mita chache kwenye bao, na giza likiingia watu hurudi makwao. Kama tunajali maadili, hapo ndipo mahali pa kuwaweka vijana.

Kutenga peke yake hakutoshi, lazima pawe na mwangalizi. Zanzibar iliifanyia Bustani ya Forodhani ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na kila jioni eneo hilo linawapumzisha wenyeji na kuwalisha wauzaji wa vyakula pia. Kijiji hakihitaji fedha za kiwango hicho. Kinahitaji kamati ndogo yenye wanawake na vijana ndani yake, miti ya kivuli pembezoni, na mama lishe wanaolipa ushuru mdogo wa kununulia nyavu na mipira. Wachimbaji wa madini, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, wanatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa hiyo viwanja vya vijiji viingizwe humo kwa majina. Na hati iandikwe kwa jina la kijiji, isiandikwe kwa jina la chama, timu wala mfadhili. Viwanja kama CCM Kirumba cha Mwanza na Sokoine cha Mbeya vimebaki mikononi mwa chama hata baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, na mabishano kuhusu viwanja vya aina hiyo hayajaisha mpaka leo. Tusiwaachie wajukuu ugomvi tunaoweza kuuepuka kwa mstari mmoja wa maandishi.

Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji vya Likunja, watendaji na diwani wa kata, wekeni ajenda ya uwanja katika mkutano unaofuata. Nanyi wananchi, hasa kina mama na vijana, msikubali kikao kifungwe kabla mipaka haijatajwa, haijapigiwa kura na haijaandikwa kwenye muhtasari.