Dada mtafiti, majibu yetu yako wapi? (Sehemu ya 6)

Leo siongelei uji wala chanjo. Naongea na wewe unayesoma masta, na wewe unayemsomesha mke, mume au mtoto.

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alikuja kliniki yetu kukusanya data. Dada mpole, ana lugha nzuri. Mama mmoja alikaa naye karibu saa nzima, mtoto mgongoni, akimsimulia uzazi wake wa kwanza, ule aliompoteza mtoto. Dada akaandika, akashukuru, akaondoka. Miezi ikapita. Siku moja yule mama akaniuliza, "Sista, yule dada alipata jibu? Kwa nini mwanangu alifariki?"

Sikuwa na la kumwambia.

Simlaumu sana yule dada. Ada inadai, msimamizi anadai, tarehe ya kukabidhi inakaribia. Lakini mimi naona hivi: masta ambayo majibu yake yanaishia kwenye kabati la chuo, nusu yake imepotea.

Mwangalie marehemu Dkt. Mwele Malecela. Alianza kazi NIMR mwaka 1987 akiwa na digrii ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akaenda London kusoma masta mpaka PhD, lakini ugonjwa aliousomea ulikuwa wa nyumbani: matende na mabusha. Aliporudi hakuuacha, akaja kuongoza mpango wa taifa wa kuutokomeza. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, na baadaye akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele huko WHO. Alifariki Februari 2022.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma, chagua swali unaloliona kwa macho. WHO inashauri mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki 12. Mbona hapa Ziba tunapokea wengi tumbo likiwa limeshaonekana? Ni umbali? Ni msimu wa pamba? Ni aibu? Swali hilo limekaa kwenye rejista zetu linakusubiri.

Anza kuandika mapema. Mpelekee msimamizi kurasa tatu mbaya leo, usisubiri themanini nzuri mwakani. Usimlipe mtu akuandikie, maana utabaki na karatasi bila ujuzi. Na kwenye bajeti yako weka nauli ya kurudi. Kaa na akina mama nusu saa tu, waambie ulichokiona.

Na wewe mama, ukifuatwa na mtafiti, una haki. Muulize utafiti unahusu nini na kibali kiko wapi. Ukikataa, huduma yako iko palepale. Ukikubali, muulize pia: "Majibu utaniletea lini?" Huo si ujeuri. Habari ni yako.

Mimi nina diploma, na mwaka huu nimejaza fomu ya digrii. Baba watoto amekubali kubaki na wadogo. Masta bado iko mbali, lakini nikifika huko, swali langu la kwanza ninalo tayari. Aliniachia yule mama.

Tukutane sehemu ya 7.