Jembe Siku ya Kwanza

Mandazi tuliyopeleka kwenye maonyesho ya vilabu yalikwisha kabla ya saa sita mchana. Karatasi ya majina ilijaa pande zote mbili, tukaazima nyingine kwa majirani zetu wa chesi. Jumamosi ya kwanza wakaja wapya tisa. Jumamosi ya tatu walibaki wawili. Tukalaumu mitihani, tukalaumu baridi.

Kwa msiojua, kila Jumamosi tunakaa na familia za Kikongo zilizohamia hapa Kentucky, nyingi kutoka Kivu, baadhi zikiwa zimeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tunawasomea barua, tunajaza fomu, tunawasaidia watoto kazi za shule. Si kazi ngumu, ila inataka watu.

Miongoni mwa wale tisa alikuwapo dada mmoja mzaliwa wa Uvira. Alipokuwa akijitambulisha alisema "batoto", na mmoja wetu akacheka. Hakukusudia ubaya, alicheka kama tunavyochekana wenyewe tukikosea ngeli. Sisi wengine tukanyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Dada yule akakaa pembeni saa mbili nzima akitazama simu. Hakuna aliyempa hata kalamu. Hakurudi.

Baada ya majuma mawili mama mmoja akatuletea barua ya hospitali. Tukamweleza habari za miadi yake kwa Kiswahili chetu cha darasani, naye akaitikia kwa adabu, "Aksanti." Alipoinuka, bintiye mdogo akatunong'oneza kuwa mama hakuelewa. Neno alilolizoea ni "randevu". Dada wa Uvira angelisema bila kufikiri, na sisi na ngeli zetu zote tulikaribia kumkosesha mama wa watu daktari.

Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Muhula huu sisi tunampa jembe siku ya kwanza. Kabla hajakaa, awe na la kufanya: kumimina chai, kuandika majina, kusoma na mtoto wa darasa la pili. Asiyejiamini kwa Kiswahili aanze na hesabu. Watoto watamfundisha maneno wenyewe, tena bila huruma. Kila mpya ana mwenyeji mmoja wa kukaa naye, na Ijumaa jioni mwenyeji huyo humpigia simu, si ule ujumbe wa kundi ambao hata sisi hatuusomi. Na hatumsahihishi mtu asiyeomba kusahihishwa. (Walimu wetu mtusamehe. Darasani endeleeni.)

Dada yule tumemwandikia kumwomba radhi. Hajajibu, wala hatudai jibu.

Jumamosi hii tunaondoka saa nne asubuhi, mbele ya maktaba. Gari lina nafasi saba, na tano bado ziko wazi.