Kisima Chako, Maji ya Umma



Mwenye shamba hapa Mpanda akishachimba kisima husema, “Maji haya ni yangu.” Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yatamka kwamba maji yote, hata yaliyo chini ya ardhi, ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kisima kilichochimbwa kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hakidaiwi kibali. Bali anayevuta kwa pampu ili auze au amwagilie, yampasa kibali cha bodi ya maji ya bonde.

Wengine hulalamika kuwa huo ni usumbufu tu. Wautazame Mto Katuma: wakulima wa mpunga walipouzuia huko juu kwa mabwawa na mifereji, viboko wa Hifadhi ya Katavi walibaki matopeni. Madhara hayo yalionekana kwa macho. Ya chini ya ardhi hayaonekani, mpaka ndoo ya mjane jirani ipande tupu mwezi Septemba.

Viongozi wa jumuiya, ulizeni mapema nani ana pampu kitongojini, na kama ana kibali. Asiye nacho aelekezwe kwanza, asikimbiliwe kushtakiwa.