Nyongo Nyeusi Haipo, Lakini Maradhi Yapo

Neno melankolia, linalotaja hali ya mtu aliyegandwa na majonzi, lina asili katika tiba ya Wagiriki wa kale: melas ni nyeusi, khole ni nyongo. Waganga wa jadi ya Hippocrates walifundisha kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hii ya mwisho ikizidi, mtu huingiwa na hofu na huzuni. Tabibu Galen aliikuza nadharia hiyo, matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu wakairithi, na alama zake zimo hata katika Kiswahili: maneno safura na balghamu yametokana na majina ya Kiarabu ya mawili kati ya majimaji hayo.

Nyongo nyeusi haipo mwilini. Hata hivyo, anayelitupa neno zima kwa sababu hiyo anatupa na busara iliyomo. Wagiriki walikosea chanzo, lakini walipatia kwamba huzuni ya namna hii ni maradhi, nayo yanadai tiba, si lawama. Atakayehofia kwamba kila chozi sasa litaitwa ugonjwa atazame kipimo chao: hofu au huzuni inayodumu. Madaktari wa leo nao, wanapochunguza sonona, yaani huzuni iliyo ugonjwa, huuliza dalili zimekaa muda gani, na kwa kawaida hawalitaji jina hilo kabla ya wiki mbili.

Wengine watasema nadharia ile ilimfunga mtu katika tabia ya kuzaliwa nayo. Ni kweli wapo walioitumia hivyo. Lakini Ishaq ibn Imran, tabibu wa Kairouan, Tunisia, aliyeandika kitabu kizima juu ya melankolia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alieleza kwamba hata msiba huweza kuileta, kama kufiwa na mtoto au kupoteza maktaba isiyopatikana tena. Katika tiba zake aliweka chakula, kuoga na maneno ya upole.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba mgonjwa wa sonona bado anaambiwa ajikaze, au kwamba imani yake ni haba. Kauli hizo zinamtwisha hatia mtu aliyekwisha kulemewa na kumchelewesha kufika hospitali. Huzuni ikikaa wiki hadi wiki, ikamnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu za kazi, wajibu wa jamaa zake ni kumpeleka kwa daktari, kama ambavyo wangefanya angekuwa na homa isiyoshuka.